Herufi Changa, Jina Kongwe

Kuna hoja inayopita kutoka mkutano mmoja wa injili hadi mwingine, na siku hizi kutoka simu hadi simu, ambayo huwaacha wasikilizaji wengi hawana la kujibu. Msemaji huanza na jambo la kweli: herufi J ni ya mwisho kabisa kujitenga na kusimama peke yake katika abjadi ya Kilatini, na umri wake kama herufi huru ni takriban miaka 500 tu. Kisha hupiga hesabu. Ikiwa herufi ni ya juzi, na Mnazareti alizaliwa miaka 2000 iliyopita, basi hakuna mtu aliyepata kuitwa Jesus. Jina hilo limebuniwa, na anayeomba kwa jina la kubuni anaomba hewani. Wengine huongeza chumvi kwamba ndani ya jina hilo amefichwa Zeus, mungu wa Wayunani, na wengine huligeuzia upanga jina Jehovah. Mkristo wa Kiswahili aweza kujiona yuko nje ya ugomvi huu, kwa kuwa yeye husema Yesu na Yehova. Hayuko nje. Swali lililolala chini ya hoja hiyo linamhusu sawasawa na Mwingereza, tena linamhusu Mwislamu anayesema Isa, na Myahudi asiyethubutu kulitamka jina la Mola wake hata kwa kunong'ona: jina takatifu linakaa wapi hasa? Katika herufi, katika sauti, au mahali pengine? Mimi nashikilia kwamba linakaa mahali pengine, yaani katika mapokezi ya watu waliolikabidhiana kizazi kwa kizazi, na kwamba historia ya J, ikisomwa hadi mwisho badala ya kukatwa katikati, inalionyesha hilo waziwazi kuliko historia ya herufi nyingine yoyote.

Babu wa J ni mkono. Mwaka 1905 Flinders Petrie alichimba Serabit el-Khadim katika rasi ya Sinai, kwenye machimbo ya kale ya feruzi ya Wamisri, akakuta michoro ya watu wasiokuwa Wamisri. Walikuwa wasemaji wa lugha ya Kisemiti waliochukua picha chache mfano wa zile za hieroglifu na kuzitumia kwa sauti za mwanzo za maneno ya lugha yao wenyewe. Picha ya mkono ikawa alama ya sauti y. (Neno la kwanza kusomwa katika michoro hiyo, Alan Gardiner alipoifumbua mwaka 1916, lilikuwa Baalat, cheo cha mungu wa kike. Abjadi, tunaweza kusema, ilianza kufumbuka kwa jina la kuabudiwa.) Wafoinike waliirithi picha hiyo, wakaipunguza hadi ikabaki mistari michache, wakaiita yod. Wayunani wakaichukua kwa Wafoinike, lakini hawakuwa na haja ya konsonanti y, basi wakaitumia kwa irabu i na kuiita iota. Ilipofika Roma kwa njia ya Waetruski ilikuwa kijiti kimoja kilichosimama wima, I, na Waroma wakakitwika kazi mbili kwa pamoja: irabu i popote ilipohitajika, na sauti y mwanzoni mwa majina kama Iulius na Iuppiter. Mroma aliyeona IVLIVS kwenye jiwe alitamka Yulius bila kusita, kama msomaji wa Kiswahili anavyojua bila kuambiwa kwamba n ya "nchi" haisomwi kama n ya "nane".

Baadaye midomo ilihama na herufi ikabaki ilipokuwa. Katika karne za kudhoofika kwa dola ya Roma, wasemaji wa Kilatini cha mitaani walizidi kuukandamiza ulimi kwenye kaakaa walipotamka ile y, hata ikawa j. Mtu asidhani hilo ni jambo geni la Ulaya. Mpaka kati ya y na j ni mwembamba katika lugha nyingi, na Kiswahili chenyewe kinaukalia. Kiamu husema moya, yana na yua mahali Kiunguja husema moja, jana na jua. Katika Kiswahili cha Kongo maji ni mayi, na hivyo wapiganaji wa Mayi-Mayi wa mashariki mwa nchi hiyo na wapiganaji wa Maji Maji wa Tanganyika ya 1905 wamebeba jina lile lile, hata imani ile ile ya dawa ya maji, bila yeyote kusema kwamba wale wa Kongo wamelighushi. Pwani ya Ghuba nako, Waarabu wengi huitamka jim kama y katika maneno ya kila siku, ingawa wakisoma Kurani huirudisha mahali pake. Sauti hizi mbili ni majirani wa ukuta mmoja, na watu wamekuwa wakivuka kutoka upande huu hadi ule tangu zamani.

Umbo la J lilitoka kwenye njia nyingine kabisa, isiyohusiana na sauti. Wanakili wa Ulaya ya zama za kati waliandika kwa vijiti vifupi vilivyobanana, na i moja ikikaa karibu na m, n au u ilipotea machoni. Ndiyo asili ya nukta tunayoitia juu ya i hadi leo. Tarakimu za Kirumi nazo zilikuwa na tatizo lake: iii ingeweza kuongezwa kijiti na mtu mwenye nia mbaya, hivyo kijiti cha mwisho kilivutwa mkia chini, xiij badala ya xiii. Mkia huo ulikuwa pambo na ulinzi, si sauti. Mwaka 1524 Gian Giorgio Trissino, msomi wa Vicenza, alichapisha waraka aliomwandikia Papa Clement VII akipendekeza herufi mpya kwa Kiitaliano, na kati ya mapendekezo yake ilikuwa kuitenga j na i, moja kwa konsonanti na nyingine kwa irabu. Ufaransa, Pierre de la Ramée, anayejulikana zaidi kwa jina la Kilatini Ramus, alisukuma jambo hilo hilo kwa j na v, na wanasarufi Wafaransa wakaziita herufi hizo mbili kwa jina lake. Aliuawa Paris mwaka 1572 katika mauaji ya siku ya Mtakatifu Bartolomayo, kwa sababu ya Uprotestanti wake. Herufi zake zikaendelea kuchapwa na Wakatoliki na Waprotestanti pamoja. Waingereza walichelewa. Biblia ya Mfalme James ya mwaka 1611 haikutofautisha I na J katika herufi kubwa, na jina likasomeka Iesus. Tamthilia za Shakespeare zilizokusanywa mwaka 1623 zina Iuliet. Hata kamusi ya Samuel Johnson ya 1755 bado ilichanganya maneno ya I na ya J katika safu moja, kana kwamba ni herufi moja yenye sura mbili.

Sasa turudi kwa msemaji wetu. Takwimu yake ya miaka 500 haina kasoro. Kasoro iko katika kudhani kwamba umri wa herufi, umri wa sauti na umri wa jina ni kitu kimoja. Herufi J ina miaka 500. Sauti j katika lugha zilizotokana na Kilatini inaizidi kwa karne nyingi. Jina lenyewe linazizidi zote mbili. Nenda London wakati ule wa mpito: muumini aliyesikia jina likisomwa kanisani mwaka 1611, likiwa limechapwa Iesus, na mjukuu wake aliyelisikia miongo kadhaa baadaye, likiwa limechapwa Jesus, walisikia sauti ile ile ikimtaja mtu yule yule. Wachapaji walibadili kipande cha risasi katika sanduku la herufi. Hakuna aliyekuwa akiomba aliyelazimika kubadili chochote. Kama jina lingekuwa linakaa ndani ya herufi, kubadilishwa kwa herufi kungeleta fadhaa, mabishano ya mitaguso, pengine damu, kwa kuwa karne ile watu wa Ulaya walimwaga damu kwa mambo madogo zaidi ya hilo. Hakukuwa na lolote.

Msomaji Mwislamu anaye shahidi wa karibu zaidi. Katika hati za kale kabisa za Kurani nukta zilitiwa kwa nadra mno, na bila nukta jim, hai na khe zina umbo moja. Mapokeo yanawataja wanazuoni wa zama za Banu Umayya kuwa ndio waliokamilisha kazi ya kuzitia, ili wasomaji wapya wasio Waarabu wasikosee. Je, kabla ya nukta hakukuwa na Jibrili? Swali lenyewe linachekesha, kwa sababu kila Mwislamu anajua kwamba maandishi yalifuata kisomo, na kisomo kilikuwa vifuani mwa watu waliokipokea kwa masikio. Nukta ilikuja kulinda kitu kilichokwisha kuwapo. J ilikuja kwa shughuli hiyo hiyo, ingawa kwa unyonge zaidi, maana haikuwa na wanazuoni wa kuisimamia ila wachapaji na wanasarufi.

Tena J si sauti, ingawa shule zetu zinatuzoesha kuiona hivyo. Wajerumani walipotawala Tanganyika waliuandika mlima wetu Kilimandscharo, herufi nne kwa kazi ya moja, kwa sababu J yao husomwa y. Wafaransa huandika Kilimandjaro, na kwa sababu hiyo hiyo Jibuti kwao ni Djibouti. Mhispania akiona J hutoa kitu kinachokaribia khe ya Kiarabu. Waitaliano wanayo sauti j tele, lakini huiandika kwa g mbele ya i au e: Giulio, Giovanni, Gesù. Hapo hoja ya msemaji inaanguka kwa uzito wake wenyewe, kwa kuwa Roma, makao makuu ya Ukatoliki, humwomba mtu huyo kwa sauti ya j bila kutumia herufi J, na Ujerumani ya Luther humwomba kwa herufi J bila sauti ya j. Na ukitaka kuyaona yote mahali pamoja, nenda Mombasa. Ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 waliipa jina la Yesu, wakilitamka kwa sauti laini ambayo Kiswahili hakina. Mchora ramani wake alikuwa Giovanni Battista Cairati, ambaye jina lake ni Yohana Mbatizaji bila hata J moja. Mwingereza akaja akaiita Fort Jesus kwa j nzito. Na Mswahili wa mjini hupita chini ya kuta zake akiwa na Isa au Yesu mdomoni, kulingana na anakoswali au anakosali.

Hata hivyo mpinzani makini ataacha J na kurudi nyuma zaidi. Atasema: haya, herufi tumeiweka kando, lakini Iesous ya Kiyunani nayo ni uharibifu wa jina la Kiebrania, na walioliharibu ni wapagani. Hapa ushahidi ni mwingi na uko wazi. Waliolitia jina hilo katika Kiyunani kwa mara ya kwanza ni Wayahudi wenyewe. Walipoanza kuitafsiri Torati huko Aleksandria katika karne ya 3 K.K., walimkuta Yehoshua, msaidizi wa Musa, wakamwandika Iesous. Kiyunani hakina sh, hivyo wakatia s. Majina ya wanaume katika lugha hiyo hupenda kuishia na s, hivyo wakaiongeza mwishoni. Mwanahistoria Myahudi Josephus, wa karne ya 1 B.K., ana watu kadhaa wenye jina hilo hilo katika vitabu vyake, makuhani na waasi, wema na wabaya. Ndiyo maana Biblia ile ya 1611, katika Waraka kwa Waebrania sura ya 4, inamwita Iesus mtu ambaye Biblia ya Kiswahili inamwita Yoshua: kwa Kiyunani ni jina moja. Kuhusu Zeus, herufi zake ni tofauti, shina lake ni tofauti, na linapobadilika kisarufi huwa Dios, kitu ambacho Iesous haifanyi kamwe. Anayeziunganisha mbili hizo anasikiliza kwa masikio ya Kiingereza.

Lakini kuna ushahidi mwingine ndani ya Biblia yenyewe ambao naona hautajwi inavyostahili. Kitabu cha Waamuzi, sura ya 12, kinasimulia jinsi Wagileadi walivyovishika vivuko vya Yordani na kumtahini kila aliyetaka kuvuka kwa neno moja, Shibolethi. Waefraimu hawakuweza kuitamka sh kama Wagileadi. Walisema Sibolethi, wakauawa, na kitabu kinataja watu 42,000. Sasa fungua Hesabu, sura ya 13, uangalie orodha ya wapelelezi kumi na wawili. Anayetoka kabila la Efraimu ni Hoshea mwana wa Nuni, ambaye Musa alimwita Yehoshua. Yaani jina hili, lenye sh katikati yake, lilikuwa fahari ya kabila ambalo, kwa ushuhuda wa Waamuzi, lilishindwa na sh ya jirani zake. Nyumbani kwa Yoshua mwenyewe, jina la Yoshua huenda lilisikika kwa sauti iliyokuwa karibu na s ya Wayunani kuliko na sh ya wale wanaotudai leo usafi wa matamshi. Na miaka mingi baadaye, usiku wa kukamatwa kwa Yesu, Petro alitambuliwa uani kwa usemi wake wa Kigalilaya. Hapakuwa na siku ambayo Waisraeli wote walilitamka jina hilo kwa mdomo mmoja, na hakuna mtume aliyeacha agizo kwamba walitamke hivyo.

Pingamizi zito zaidi ni la watu waliozithamini herufi kweli kweli, na siwezi kulipita kwa haraka. Injili ya Mathayo inamnukuu Yesu akisema kwamba hata yodi, herufi ndogo kuliko zote, yule babu wa J, haitaondoka katika torati. Kati ya magombo ya Bahari ya Chumvi yamo yaliyoandikwa kwa herufi za mraba za kawaida, lakini kila linapofika jina la Mungu mwandishi anaacha herufi hizo na kurudi kwenye herufi za kale za Kiebrania, kama mtu anayevua viatu mlangoni. Yako pia magombo ya tafsiri ya Kiyunani ambamo jina hilo limeachwa kwa Kiebrania katikati ya mistari ya Kiyunani. Watu hawa hawakuwa wajinga, na heshima yao si ya kubezwa. Ila tutazame matokeo. Mwaka 384 Hieronymus, mfasiri mkuu wa Biblia kwa Kilatini, alimweleza Marcella, mwanafunzi wake wa Roma, kwamba wapo wasomaji wa Kiyunani ambao, wakikuta herufi nne za Kiebrania za jina hilo, wasizozijua, huziona zinafanana na herufi za kwao na kusoma PIPI. (Mtoto wa Kiswahili angefurahi, Hieronymus hakufurahi.) Umbo lilihifadhiwa kwa uaminifu wote na jina likapotea, kwa sababu mnyororo wa midomo ulikuwa umekatika. Wakati huo huo wanakili Wakristo walilifupisha jina la Yesu kwa Kiyunani hadi herufi mbili, iota na sigma, na mstari juu yake. Umbo lilikatwa vipande na jina halikupotea hata siku moja, kwa sababu kila msomaji alikuwa amelipokea kwa mwingine. Hata kibao kinachochorwa juu ya msalaba katika kila kanisa la Kikatoliki, kutoka Bagamoyo hadi Bukavu, kimeandikwa INRI, na ile I ya kwanza ndiyo J ya watu wengine.

Basi je, kila kitu ruksa? Kama herufi si kitu na sauti si kitu, mtu akiamua kumwita Yesu kwa jina la paka wake, atakuwa amemwita? Hili ndilo swali la kifalsafa lenyewe, na ni la zamani. Katika mazungumzo ya Plato yaitwayo Cratylus, mmoja anadai majina yana usahihi wa asili, mwingine anadai ni makubaliano ya watu tu, na Sokrates anatoa mfano wa wahunzi wawili wanaotengeneza chombo kimoja kwa vyuma viwili tofauti: mradi umbo la kazi ni lile lile, chombo ni chombo. Mfano huo unasaidia, lakini hausemi nini kinachofanya kazi ibaki ile ile. Jibu bora nalipata kwa Saul Kripke, mwanafalsafa Mmarekani aliyetoa mihadhara yake juu ya majina huko Princeton mwaka 1970. Alisema jina humfikia mwenyewe kwa mnyororo: wa kwanza alimpa mtoto jina, wa pili akalisikia na kukusudia kumtaja yule yule aliyetajwa na wa kwanza, na wa tatu vivyo hivyo, hadi kwetu. Hatuhitaji kujua sura ya mtu, wala kulitamka jina kama walivyolitamka wa kwanza. Tunahitaji kuwa tumepokea, na kukusudia yule yule.

Wanafunzi wa hadithi za Mtume hawatashangazwa na nadharia hii. Walikuwa nayo miaka elfu moja kabla ya Kripke, na kwa ukali zaidi. Wao huiita isnadi. Hadithi haipimwi kwa uzuri wa wino ulioiandika, hupimwa kwa kumtaja aliyeipokea na aliyempokelea, na kila mmoja wao kuchunguzwa kama alikuwa mkweli, kama kumbukumbu yake ilikuwa nzuri, kama kweli walikutana. Nao walijua kile ambacho wanafalsafa wa Ulaya walikuja kumkumbusha Kripke, kwamba mnyororo unaweza kuteleza. Mwaka 1973 Gareth Evans alileta mfano wa Madagascar: jina lililohusu sehemu ya bara la Afrika, yamkini Mogadishu, lilimfikia Marco Polo kwa uvumi, naye akalibandika kwenye kisiwa. Hakuna aliyekusudia kubadilisha, lakini leo Madagascar ni kisiwa na hakuna anayeitumia kwa bara. Ni mfano mkali, na unatufundisha kipimo. Jina likipotea, hupotea pale ambapo watu wa pete moja ya mnyororo walielekeza nia yao kwa kitu kingine kuliko wale waliowatangulia. Sasa mtafute mtu huyo katika historia ya J. Mtafute kati ya Wayahudi wa Aleksandria, kati ya wanakili waliovuta mkia wa tarakimu, kati ya Trissino na Ramus, kati ya wachapaji wa London. Kila mmoja wao alibadilisha umbo au sauti, na kila mmoja alimkusudia yule yule aliyekusudiwa na wa kabla yake. Jina la Madagascar lilipotea njia kwa sababu ya nia iliyohama, si kwa sababu ya herufi. Jina la Yesu liliguswa kila mahali na halikupotea.

Kuna atakayesema kwamba nimesahau nguvu za watawala: kwamba Mwafrika hakupokea majina haya kwa mnyororo wa hiari, alibandikwa na wamisionari, kwa J ya Mwingereza shuleni na Y ya Biblia kanisani, hata mtu mmoja akawa Yohana siku ya Jumapili na John siku ya Jumatatu. Ni kweli, na dhuluma ya kubadili majina ya watu kwa lazima haipunguzwi na falsafa yoyote. Lakini kupokea hakuko mikononi mwa mtoaji peke yake. Baadhi ya tafsiri za mwanzo za Kikristo za Unguja ziliandika Isa Masiya, kwa sababu Waswahili walikwisha kuwa na mnyororo wao. Baadaye kanisa likashika Yesu, na lugha ikayabeba yote mawili. Julius Nyerere, aliyeibeba J ya mtawala wa Roma, alipomtia Shakespeare katika Kiswahili alimwandika Juliasi Kaizari: jina la kwanza kwa mdomo wa Kiingereza, la pili kwa mdomo unaokaribia wa Roma yenyewe, na yote yamevaa irabu za Kiswahili mwishoni. Hakuuliza ruhusa kwa mtu.

Nabaki na wale waliokwisha kuamua kuacha Jesus na Yesu pamoja, na kusema Yahshua peke yake kwa kuwa ndiyo safi. Uhuru huo ni wao, na anayemwita Mola wake kwa herufi hizo huku akimkusudia yule yule hana kosa. Dai la usafi ndilo lisilosimama. Umbo hilo halionekani katika maandishi yoyote ya kale ya Kiebrania; yaliyomo ni Yehoshua na kifupisho chake Yeshua. Sh ya katikati imeandikwa kwa herufi mbili, s na h, kwa sababu Waroma waliotuachia abjadi hii hawakuwa na alama ya sauti hiyo. Na ile Y ya mwanzo, iliyowekwa pale kuikimbia J, iliingia Roma katika karne ya 1 K.K. kutoka kwa Wayunani, kwa ajili ya kuandikia maneno ya Kiyunani, nayo ilikuwa irabu. Kutumika kwake kama konsonanti, kwa sauti ya "yai" na "yeye", ni desturi ya waandishi wa Ulaya ya zama za kati, watu wa karne zile zile waliokuwa wakiivuta i mkia.